Bandama la Mtengeneza Kodiani

Julai, Porto Alegre. Baridi imeshuka ngazi kabla yangu
hadi maabara ya chini, ikakalia kiti changu.
Nanywa mate kwa mrija (huku mate ni chai, msicheke)
kisha nafungua kopo namba kumi na saba.

Bandama la Valdomiro Kuhn.
Alituachia kwa maandishi, kwa penseli,
na chini akaongeza: mkilikata, likateni vizuri.

Alitengeneza kodiani mtaa wa Azenha.
Miaka ishirini na mitatu, kidonge na kahawa,
na kila mwaka damu yake ikaleta jibu lile lile:
virusi havionekani.
Havionekani. Neno lenye adabu kuliko ukweli.

Nakata. Kipande chembamba kuliko ganda la kitunguu.
Natia rangi, nazima taa,
na katika nyama nyeupe vinundu vinawaka
kama madirisha ya nyumba
ambayo wenyewe walisema wamelala.

Mle ndani chembe saidizi zimerundikana,
zinazifundisha chembe B somo la mwaka juzi,
na mfukoni mwa baadhi yao kirusi kimekunja miguu.
Kikulacho ki nguoni mwako, sawa.
Lakini kikiwa kwenye pindo,
na pindo ndilo linaloshika nguo?

Nje, ukingoni, wauaji. Nimewapaka kijani.
Walizaliwa kwa kazi hii moja,
wakafuata harufu hadi kizingitini
na kizingitini wamesimama, hawana kibali.
Wengine wamechoka hadi sura zimebadilika:
silaha mkononi, kufuli kwenye kifyatulio.
Nawahesabu. Mia mbili na arobaini nje.
Tisa ndani.

Hao tisa nawatazama mpaka chai inapoa.

Jumanne alikuja Bi Ereni, mkewe,
na mwavuli uliokuwa ukidondoka maji kwenye sakafu yetu.
Nyumbani kwao ugonjwa waliuita mpangaji.
Aliuliza, bila kuketi: "Yumo?"
Sikujua anamuuliza yupi.
Nikasema yumo.
Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa saa,
akaomba kitambaa, akapangusa yale maji mwenyewe.

Bado vipande arobaini.
Nanoa wembe.
Vizuri, alisema.