Maagizo kutoka Wodi Namba Tatu

Lusekelo, mdogo wangu,
kesho usiamke na jogoo.
Najua ulivyo na haraka, lakini ukungu wa Kyimo
hauondoki kwa kufukuzwa.
Kunywa chai. Choma viazi. Subiri majani yaache kudondosha,
subiri tunda likauke ngozi,
maana parachichi lililochumwa na umande
huubeba ukungu wake hadi sokoni,
na huko huota ukungu mwingine, mweusi, penye kikonyo.

Mkasi uko dirishani, nyuma ya picha ya baba.
Mkasi, si kisu. Wala si hiyo mikono yako
inayonyofoa kama unamng'oa mtoto jino.
Acha kikonyo kifupi, urefu wa punje ya mchele;
tunda lisilo na kikonyo ni nyumba isiyofungwa mlango,
kila mpita njia ataingia.

Usitikise mti.
Baba alitikisa, najua, babu alitikisa,
nasi tulikimbia chini na vikapu tukicheka,
mvua ile ya kijani ikitupiga mabegani.
Yale yalikuwa ya kienyeji, ya kuliwa jioni ileile,
yanayobaki akapewa nguruwe.
Haya tumeyakopea.
Unakumbuka walipoleta miche, wakasema jina lake Hasi?
Mama akauliza: nitapandaje hasi nivune chanya?
Bwana shamba akakosa jibu,
akaandika kitu kwenye daftari.

Sasa sikiliza hili, ndilo lililonifanya niombe kalamu.
Nilipoteleza kwenye ngazi ile Jumamosi
nilisimama mwenyewe. Nikajipangusa udongo.
Nikamwambia Mama Gwantwa, sijaumia.
Siku ya kwanza mguu ulikuwa mguu.
Siku ya pili nikapalilia maharage.
Siku ya nne paja likawa jeusi kama sufuria ya msibani,
nikapakiwa kwenye bodaboda katikati ya watu wawili.
Daktari akabonyeza, akasema:
damu ilivujia ndani,
ngozi haikusema kitu.

Nimelala hapa nayafikiria yale makreti kumi na moja
tuliyorudishiwa mwaka jana.
Mlimwita mnunuzi mwizi. Mimi nilimwita jina baya zaidi.
Akapasua moja mbele yetu, akatuonyesha doa
la kahawia, ukubwa wa sarafu.
"Hapa ndipo lilipoangukia," akasema.
Nikabisha: lilikuwa zima, nililishika kwa mkono wangu.
Lilikuwa zima
kama nilivyokuwa mzima.

Kwa hiyo liweke, Lusekelo. Usilirushe,
hata kama Andongwisye yuko chini amefungua mikono
anajisifu alikuwa golikipa wa shule.
Kreti likae kivulini, chini ya mgomba,
ila ndizi mbivu ziwe mbali;
ndizi ni jirani mchochezi,
akiiva yeye anataka mtaa mzima uive.
Usijaze kupita ukingo. Kreti si lumbesa.
Ukilikandamiza la juu, linaloumia ni la chini,
na la chini halina wa kumwambia.

Lakini kabla ya yote hayo, chuma matatu tu, uyapasue.
Ganda la kokwa likiwa bado jeupe, shuka,
rudi nyumbani, hata dalali akipunga noti,
hata lori likinguruma barabarani
na majirani wote wakiwa wamepakia.
Likiwa la kahawia, jembamba kama ganda la kitunguu,
anza.

Yatakayodondoka, maana yatadondoka,
usiyachanganye na mengine.
Mpe mama akamue mafuta.
Mawili niletee Jumapili, na chumvi kidogo kwenye karatasi.
Nitayala hapahapa kitandani, mguu ukiwa juu ya mto,
na sitayauliza
yalianguka kutoka tawi gani.