Kijiko cha Tatu

Mkungu ni mmoja, naukata kwa panga la baba.
Chana za juu ni za mtori.
Za chini zinapanda darini, ziive kwa moshi,
zikisubiri kimea cha ulezi na uchungu wa msesewe.
Vyungu vyote viwili navipika mimi.
Sijitakasi.

Kaka yangu Anaeli alizoea kusema mbege ni chakula,
na nani wa Uru angembishia? Ni nzito, inakaa.
Ila kata yangu aliihama siku nyingi.
Alfajiri, umande haujakauka migombani,
ameshateremka Kiboriloni kuifuata ile kali ya chupa ndogo,
isiyobisha hodi,
inayolichuna tumbo kutoka ndani
kama ndizi mbichi inavyomenywa kwa kisu butu.

Saa saba namwekea bakuli.
Mtori, nyama ya kifua, kitunguu.
Vijiko viwili.
Cha tatu anakitazama kama barua ya deni.
"Nimeshiba, Aikande."
Umeshiba nini, mwana wa mama?
Tundu la nne la mkanda ulilitoboa mwenyewe, kwa msumari.

Pale Mawenzi, daktari Mmbaga, binti mdogo wa Upareni,
alinichorea utumbo nyuma ya kadi ya kliniki.
Akasema miguu inayomwaka moto usiku
si ya kutupiwa na mtu,
ni vitamini; pombe imeziba njia yake.
Akasema ini lina kazi moja tu siku hizi.
Akasema: hata hicho kidogo anachokula
hakimfikii.

Hakimfikii.
Nilipanda nalo neno hilo hadi nyumbani, kwa mguu.
Nikaukumbuka mfongo wa babu, mwaka ule ulipobomoka kule juu:
maji tuliyasikia usiku kucha yakipita,
na kihamba chetu kikanyauka
sauti ya maji ikiwa masikioni.

Leo nimeuponda mtori ukawa laini kama wa mtoto.
Kala vijiko vitano. Nimehesabu nikijifanya napeta ulezi.
Cha sita kilirudi, pamoja na viwili vya mwanzo,
akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono,
akaomba radhi kwa bakuli, si kwangu.

Nyuma ya nyumba pipa linachemka.
Jumamosi watakuja wateja,
na karo ya mwanawe inatoka humo humo.
Nakoroga.
Sijui ni chungu kipi nimekishikia mwiko.