Tiketi ya Babati

Nilikuja Moshi kudai fedha ya matofali.
Mdaiwa, mkewe akaniambia mlangoni pale Rau, yuko Holili,
na Holili, alivyoitamka, ilikuwa mbali kama mwezi.
Basi langu saa tisa. Sasa saa nne na nusu.
Mtu mwenye muda mwingi na shilingi chache
hutembea upande wa kivuli.

Ndivyo nilivyoliona: jengo
limekaa kwenye kona kama kitabu kilichoangushwa kifudifudi,
mgongo juu, kurasa mbili za zege zikigusa nyasi.
Fundi hapiti jengo jipya bila kulikagua.
Nilifumba jicho moja, nikalishushia timazi ya kichwani.
Halikupinda popote. Nikalionea wivu kidogo.

"Maktaba ya umma," alisema mlinzi. "Umma ni wewe.
Ila kung'uta viatu."

Dada wa mapokezi, Aikande kwenye kitambulisho,
akafungua daftari. Jina?
Qwaray.
Kalamu ikasimama. Kwa K?
Kwa Q, nikasema, ile inayotokea kooni.
Akaijaribu mara mbili, akacheka, akaiandika,
mkia wake ukashuka mpaka mstari wa mgeni anayefuata.
Kazi? Mwashi.
Unatafuta nini?
Hapo nikakwama. Nikasema: kivuli.
Akaandika: kusoma.

Ngazi hazikuwepo. Sakafu yenyewe ilipanda ikizunguka,
taratibu, kama njia ya ng'ombe kule Dareda,
na rafu zikipanda nayo,
na mama mjamzito akipanda bila kuhema.
Nilipitisha kiganja ukutani. Zege tupu, bila lipu, bila rangi;
mbao zilizolizuia zimeacha humo mishipa yao,
fundo hili, ufa ule,
mti uliokwisha kuwa kuni, saruji bado inaukumbuka.
Sisi tungeficha. Tungepiga lipu mara mbili na kuomba radhi.

Juu kuna dirisha la ukubwa wa nyumba ya mwalimu,
limeelekezwa mlimani. Mlima haukuwepo.
Mawingu tu, kama plasta mbichi.
Wanafunzi watano wamelipa mgongo, wanachora moyo wa chura.
"Hutoka jioni," mmoja akaniambia bila kuinua uso,
kama anayemsema jirani.

Kibao cha shaba kilitaja wahisani, mhandisi, tarehe.
Nikawatafuta wenzangu.
Nikainama chini ya benchi la zege,
pale jicho la msimamizi lisipofika,
na hapo alikuwepo: vidole vinne na nusu,
kiganja kilichobonyezwa kabla halijakauka.
Niliweka changu juu yake. Changu kikubwa kidogo.
Ile nusu niliielewa. Msumeno hauna adabu.

Nikachukua kitabu kilichokuwa karibu, cha nyuki.
Mimi husoma kama ninavyojenga, neno juu ya neno,
kila moja nikiligonga likae.
Ukurasa wa kumi na moja: wakijenga sega gizani
hushikana miguu, wakaning'inia kama mnyororo,
na hakuna ajuaye kwa hakika kwa nini.
Niliusoma mara tatu.
Mimi nadhani najua.
Saa nane na dakika hamsini.
Kukunja ukurasa ni marufuku, imebandikwa kila meza.
Nikachomeka alama, nikarudisha, nikakimbia,
hata kuaga sikuaga.

Boma Ng'ombe kondakta akanifikia. Tiketi.
Nikapekua shati, suruali, mkoba wenye pimamaji,
kisha mkono ukasimama wenyewe.
Nikalipa tena, mimi niliyekuja kudai,
jirani akinishangaa ninavyotabasamu,
na watoto wa kiti cha nyuma wakapiga kelele: umetoka! umetoka!
Sikugeuka. Nilikuwa bado kule rafuni,
Moshi hadi Babati, kiti cha dirishani,
kati ya kumi na moja na kumi na mbili.