Thamosi ya Vaidotas

Karibu na Prienai, nyuma ya banda la tatu la ndege,
pana chumba chenye harufu ya lehemu na kahawa iliyopoa.
Nilimpelekea Danguolė variometa ya baba
ndani ya soksi.
"Imekufa?" nikauliza.
"Imekosa pumzi," akasema, na soksi akanirudishia.

Alinieleza akiwa ameinamisha kichwa, bisibisi mdomoni:
chombo hiki hakijui urefu wa mbingu,
hakijui uendako wala utokako.
Kinajua jambo moja. Hewa iliyofungwa chupani
haipendi kuzidiwa wala kuzidi.
Ukipanda, ya ndani inatoka,
kibati chembamba kinasukumwa, sindano inainuka.
Ukishuka, inaingia nyingine,
na sindano inakutazama kwa aibu kuelekea chini.

Chupa yetu ilikuwa na ufa.
Akafungua kabati, akakaa nalo wazi kitambo,
kisha akatoa thamosi ya mumewe,
nyekundu, imebonyea ubavuni,
iliyobeba chai ya ndimu misimu kumi na tisa
hadi Vaidotas alipoacha kuruka,
kisha akaacha na chai.
Aliinusa. Aliinusa tena.
Akaipiga kizibo, neli mbili, gundi.

Mei, siku ya upepo mdogo.
Winchi ilinirusha hadi mita mia nne, kamba ikaanguka,
na kimya kile kikaja,
kimya cha ndege isiyo na injini ambacho si kimya:
ni fyuuu ndefu masikioni,
na uzi wa sufu kwenye kioo ukitikisika mbele ya pua yangu.

Nilivuta fimbo. Sindano ikaruka, nikacheka peke yangu.
Uongo mtupu. Nilikuwa nimeuza mwendo kununua urefu,
kama mtu ahamishaye pesa mfuko huu kwenda ule
akadhani amelipwa mshahara.
Mita mia tatu. Msitu chini, baridi, bila ahadi.
Mia mbili na themanini.
Nikaanza kuchagua shamba la kutua
na maneno ya kumwambia mwenye ng'ombe.

Basi, juu ya kiwanda cha mbao cha Balbieriškis,
kiti kikanipiga teke.
Makalio hujua kwanza, alinionya Danguolė,
sindano hufika kama barua ya posta.
Moja, mbili,
ndipo chombo kikaamka: ti. Ti. Ti ti. Titititi!
Nikalaza bawa la kushoto, nikazunguka.
Korongo wawili walikuwa humo tayari,
hawana chupa, hawana betri,
wakanitazama kama wenyeji wamtazamavyo mgeni
aliyebisha hodi akiwa ameshaingia.

Tulipanda pamoja, nao wakiwa ndani zaidi,
mto Nemunas ukijikunja chini yetu hadi ukawa utepe,
na kwa kila mzunguko nikakumbuka
kwamba kile kinachoisukuma sindano
ni hewa ya kabati lake, inayotoka.
Mita elfu moja mia nne.
Nilifanya hesabu kwa penseli juu ya goti:
sehemu moja ya saba imeshamwagika angani.

Nilitua saa kumi na moja jioni. Alikuwepo kwenye nyasi,
mikono mifukoni, hakuuliza nimefika wapi.
"Ilisema kweli?"
"Ilichelewa kidogo."
"Hm."
Nikamwambia kuhusu ile sehemu ya saba.
Nilidhani atasikitika. Akachukua penseli yangu,
akaandika mgongoni mwa bahasha, akafuta, akaandika tena,
safari ngapi hadi isibaki hata punje
ya hewa aliyoifungia yeye.

Hakunionyesha jibu.
"Kesho kutakuwa na mawingu mazuri," alisema,
akiikunja bahasha mara mbili.
"Ruka mapema."