Kutazama Baada

Jumanne na Alhamisi, nikishafunga mizani ya chai,
napanda kilima hadi shule ya msingi,
vidole bado vinanuka majani mabichi.
Tukuyu mvua haiulizi ratiba.
Bati likizidiwa, Mwalimu Gwakisa hanyanyui sauti,
anaandika tu,
na sisi watu wazima sita,
magoti yakigonga madawati ya darasa la tatu,
tunanakili.

Leo ameleta vitenzi vya Kiingereza vyenye mikia.
Toa, akasema, mnaijua. Sasa: toa juu.
Ambakisye fundi pikipiki akajibu, kupakia mzigo?
Hapana. Ni kukata tamaa.
Kimbia nje: kuishiwa, kama sukari.
Vunjika chini: lori lililozima juzi pale Isyonje.
Weka mbali: kuahirisha,
kama ushirika na malipo yetu ya pili.
Hapo tukacheka. Ambakisye akataka kujua,
hawa watu, neno moja zima haliwatoshi?

Mimi sikucheka hadi mwisho.
Kwenye mkoba nina barua
yenye mstari mmoja na nusu tangu Aprili.

Mwalimu akafuta ubao kwa kiganja.
Kihusishi kikitangulia, akasema,
kitenzi kinavua viatu mlangoni:
hakiingii na nafsi, hakiingii na wakati,
kinakuwa jina.
Kwetu kinavaa ku, kofia kichwani:
baada ya kupima, bila kulipwa, kabla ya kulala.
Kwao kofia inavaliwa kisogoni, inaitwa ingi,
na kile kijineno cha mkiani hakibaki nje,
kinaifuata kofia
kama ndama anavyomfuata mama yake mnadani.
Usimwache ndama, akasema.
Ukimwacha, umeuza ng'ombe mwingine.

Nikanyoosha mkono. Na kutunza?
Akaandika: tazama baada.
Chaki ikakatikia hapo, kwenye baada.

Nesi Moira alikuja na mvua za mwaka juzi.
Miezi mitano alimgeuza mama ubavu kwa ubavu,
akamkata kucha, akamsuka vibaya.
Mama kila akipewa kikombe alisema, ndaga,
na yule binti wa Skotlandi akadhani ndaga ni maji.
Basi kila akishukuriwa analeta kikombe kingine.
Mama alikunywa. Alisema si adabu
kumsahihisha mtu aliyebeba maji.

Moira aliondoka Februari.
Habari ya Aprili hana.

Lugha yetu kijineno inakificha tumboni mwa kitenzi.
Lia. Lilia.
Silabi moja tu, na machozi yamepata mwenyewe.
Wao wanakiacha kitembee nje, peke yake, kwenye baridi:
juu, mbali, baada.
Nilidhani ni uvivu wa kushona.
Sasa sijui.
Maana mimi ndiye ninayelala nyumba ya mama,
ninayefunga mlango wake kwa kamba ileile,
ninayepogoa migomba aliyokuwa akiisema kwa majina,
na hii yote, ukiniuliza,
ni kutazama baada.

Mvua ilipopungua wenzangu wakatoka.
Nikabaki na taa ya simu.
Nikaandika: asante kwa,
nikamvua kitenzi viatu,
nikamvisha kofia yake ya kisogoni,
nikamwita ndama, akaja,
na nyuma ya ndama nikaweka mama yangu.
Sentensi ikasimama.
Iliyofuata ilikuwa ya kufariki.
Kwao ni kupita mbali.
Nikaiandika polepole, haikuwa na kihusishi,
ikaingia na viatu vyake, na wakati uliopita.

Mwalimu Gwakisa alikuwa mlangoni na funguo.
Hakuniharakisha.

Chini kabisa, bila mkia, bila kofia,
nikaandika ndaga.
Akielewa maji, na iwe maji.