Kilo Moja ya Chumvi

Bi Evdoksia hana simile na mashabiki.
Wanapanda ngazi zake kule Thesaloniki,
orofa ya nne, lifti mbovu tangu Pasaka,
wanafika wakihema, na maua, na kinasa sauti,
wanauliza: ule mwezi, mama, ni wewe?
Ule usiolala, unaochungulia dirishani,
unaowaonea wivu wapendanao?

"Mwezi gani," anasema, huku akimimina kahawa.
"Ilikuwa taa ya barabarani.
Ilitumulika kitandani miaka kumi na minne.
Mimi niliiandikia manispaa barua sita.
Pantelis aliandika wimbo.
Wimbo ndio uliojibiwa."

Na lile jiwe moyoni?

"Lilikuwa kwenye figo.
Alilipandisha mwenyewe hadi moyoni
maana, alisema, hakuna mwimbaji
atakayepiga magoti jukwaani kwa ajili ya figo."

Na meli iliyoondoka bila kupiga king'ora?

"Fiati ya kaka yangu. Aliiazima.
Ikamfia njiani, karibu na Kavala."

Nami nilikwenda kama wengine,
na daftari langu la safu tatu:
sitiari huku, tashihisi kule,
chuku pembeni, kwa wino mwekundu.
Alilitazama kwa jicho la pembe.
"Unapanga soksi?" akauliza.

Kisha kijiko kikazunguka kikombeni
muda mrefu kuliko sukari inavyotaka.

"Mbona huniulizi la chumvi?"

Nani asiyelijua la chumvi?
Madereva wa teksi wanalijua, na wauguzi wa zamu ya usiku.
Nimeona uwanja mzima wa mpira
watu elfu ishirini, simu juu, wakiliimba wakilia:
*Chumvi imekwisha nyumbani,
nayo bahari i mlangoni.*
Nilikuwa nimeliandikia kurasa kumi na moja.

"Tulikuwa tumenuniana," akasema.
"Wiki ya tatu. Aliuza pete ya mama yangu
alipe studio, akaniambia imepotea.
Tukawa tunasemezana kwa vikaratasi.
*Bili ya umeme. Dada yako kapiga. Supu iko jikoni.*
Asubuhi moja nikakuta kikaratasi chini ya kisahani cha majivu:
*Chumvi imekwisha nyumbani.*
Basi.
Bila salamu, bila jina.

Nikavaa koti. Mvua ilikuwa inanyesha,
mvua hasa, usiiandike kwenye safu yoyote.
Nikaenda kwa Bwana Yordanis pale kona, nikanunua kilo.
Nikarudi, nikasimama mlangoni, maji yananichuruzika
nywele mpaka viatu, pakiti mkononi.
Pantelis akaniangalia.
Akaiangalia pakiti.
Akafunika uso kwa mikono yote miwili,
na mabega yakaanza kumtikisika.
Kama alicheka, kama alilia, sikuuliza,
tulikuwa hatusemi.

Mstari wa pili niliusikia kwa msusi,
miezi mitano baadaye, redioni,
kichwa changu kikiwa ndani ya mashine.
*Nayo bahari i mlangoni.*
Wanawake wakasema, aa, bahari ni mauti.
Mmoja akasema bahari ni ukimbizi.
Mimi nikasema mashine inaniunguza."

Nikafunga daftari. Nikamuuliza, taratibu,
kama mtu anayevuka chumba chenye mtoto aliyelala:
kwa hiyo ilikuwa kweli tu, mama? Orodha ya dukani?

Akainuka, akaanza kukusanya vikombe,
changu kikiwa bado na kahawa.

"Siku ile nilifungua kopo niimimine chumvi mpya.
Kopo lilikuwa limejaa. Pomoni.
Nilikuwa nimelijaza mwenyewe Jumapili."

Bomba likafunguliwa. Maji yakasema kidogo.

"Pakiti ipo, kabatini, nyuma ya dengu.
Imeganda. Huwezi kuivunja hata kwa mchi.
Hilo ndilo jiwe, ukitaka jiwe.
Na ukishuka shikilia ukuta,
taa ya ngazini imeungua,
taa, mwanangu,
ya umeme."