Mduara wa Wino wa Buluu

Otso aliletwa na basi la Ijumaa,
miaka mitano, begi lenye picha ya chura mgongoni,
shavu laini la mtoto wa Turku, mjini kwenye upepo.
Sisi wa Savukoski mbu hatumhesabu.
Mimi nao tulishasuluhishana zamani:
wanadunga, nawashwa robo saa, kila mtu na njia yake.
Nikadhani damu ya ukoo ni moja.

Mkesha wa sikukuu ya kiangazi
tukaenda kukata matawi ya mbetula,
yale ya kujichapia ndani ya sauna.
Alivaa kaptura.
Mimi ndiye niliyemvalisha.

Asubuhi jicho lake la kushoto halikuwepo.
Mahali pake pameumuka
kama unga uliolazwa na hamira,
na mkono, toka kiwiko hadi kifundo,
umekaza, mwekundu, moto kama buli.
"Shangazi," akasema, "nusu ya chumba imezimwa."

Kaka yangu Lassi, kwenye kioo cha simu:
"Nani kampiga?"
"Mbu."
"Vieno, mbu hana ngumi."
Nikayatazama matawi ya kuchapia ndani ya ndoo,
nikaona yanavyoweza kutoa ushahidi.

Jirani Ahti akaja na kopo la lami ya msonobari:
mpake, sisi sote tulipakwa.
Akarudi na kitunguu.
Akarudi na kisa cha binamu yake.
Kahawa nilimpa; kopo nikaliacha kibarazani.

Zahanati, muuguzi Marjukka hakushangaa.
Alibonyeza, akapima joto, akasikiliza kifua.
"Huu ni mzio. Mate ya mbu ni tone dogo,
lakini mwili wake umelipigia mbiu ya vita.
Nyinyi mmedungwa tangu utotoni, miili yenu imechoka kugomba."
Kisha akachukua kalamu ya buluu,
akazungushia uvimbe wa mkono mstari,
pembeni akaandika: saa nne na nusu.

"Ukiendelea kuvuka hapa kesho, na homa juu,
au ukatoka usaha, mlete.
Lakini akikosa pumzi, ulimi ukivimba,
usinitafute mimi, usitafute ufunguo wa gari.
Piga mia moja na kumi na mbili, papo hapo."

Basi nikawa mlinzi wa mpaka.
Njegere za barafu ndani ya taulo, dakika kumi, pumzika.
Dawa ya maji ya mzio, kwa kipimo cha uzito wake.
Krimu, nyembamba, mkononi tu; jichoni hapana.
Upele humwota asiye na kucha, husemwa;
mimi nilitafuta mkasi
nikamfanya asiye na kucha makusudi,
kidole baada ya kidole, huku akinilaani kwa majina ya wanyama.

Usiku ukakataa kuja.
Saa sita jua limekaa juu ya misonobari kama mgeni asiyeaga,
na nje ya wavu wa dirisha wanaimba, maelfu,
kila mmoja na sindano yake.
"Watalala lini?"
"Hawalali."
"Basi na sisi tusilale." Akalala.
Nikabaki nikiupima mduara kwa macho,
nikijiambia umesogea,
nikijiambia ni kivuli.

Siku ya tatu uvimbe ulirudi nyuma ya mstari,
ukaacha ngozi yenye mikunjo, kama soksi iliyolegea.
Jicho likafunguka kidogo, likanikuta jikoni.
Sasa hatoki bila suruali ndefu nyeupe,
mikono mirefu, dawa ya kufukuza mbu kwenye vifundo,
na kofia ya wavu inayomfanya, asema, bibi harusi wa nyuki.

Jana, nikiosha vyombo, alinishika mkono.
Aliona kidonda changu kidogo, kile nisichokihesabu.
Akachukua kalamu, ulimi nje kwa umakini,
akachora mduara uliopinda, mkubwa kupita kiasi,
akauliza ni saa ngapi.
Nikamwambia.
Akaandika tarakimu kinyume,
akakaa kwenye kiti cha mbao, akaanza kulinda.